Rekodi za Marejeo: Kutoka Kilele cha Makala hadi Daftari la Kuluva

Hospitali ya Kuluva iko kusini mwa mji wa Arua, katika West Nile ya Uganda, mwendo mfupi tu kwa gari. Kwa watu wa Arua, na hata wa Koboko walio mbali zaidi, hiyo ni hospitali ya misheni waliyoikuta tangu utoto: mmoja alizaliwa hapo, mama wa mwingine alipasuliwa hapo, babu wa yule alitibiwa ukoma hapo. Kwa wataalamu wa saratani walioko Lyon na London, Kuluva ni kitu kingine. Ni mahali zilipotoka takwimu za makala ambazo wenzao wamekuwa wakizitaja kwa zaidi ya nusu karne.

Kutajwa huko kuna hesabu yake. Mtafiti akichapisha makala, na mwenzake akaiweka katika orodha ya vyanzo mwishoni mwa makala yake, hilo ni rejeo moja. Hifadhidata za mtandaoni kama Web of Science, Scopus na Google Scholar hukusanya marejeo hayo usiku na mchana, na jumla yake imekuwa mizani. Kwa mizani hiyo mhadhiri hupandishwa cheo au huachwa alipo, chuo hupanda au hushuka katika orodha za kimataifa, mradi hupata fedha au hukosa. Nimekusanya hapa rekodi za mizani hiyo, za juu na za ajabu. Nimeifanya West Nile kuwa kituo changu kwa sababu hapa ndipo ninapoona vizuri kuliko popote kile ambacho mizani inakamata na kile inachokiacha sakafuni.

Makala inayoongoza

Mwaka 2014 jarida la Nature liliutumia mlima wetu kueleza hesabu hii. Web of Science wakati huo ilikuwa na makala milioni 58 hivi. Ukichapa ukurasa wa kwanza tu wa kila makala, kisha ukazipanga karatasi hizo moja juu ya nyingine, rundo litakaribia kimo cha Kilimanjaro, mita 5,895. Makala 100 zinazoongoza duniani zingechukua sentimita moja pale kileleni. Zilizotajwa zaidi ya mara 1,000 zilikuwa 14,499, yaani mita moja na nusu hivi. Karibu nusu ya rundo lote ni makala zilizotajwa mara moja tu au ambazo hazijatajwa kamwe.

Anayeujua Kilimanjaro anajua nusu hiyo ya chini ina nini. Ndiko kwenye vihamba vya migomba na kahawa, ndiko yanakotiririka maji, ndiko wanakoishi watu. Kileleni kuna barafu na upepo.

Makala iliyokuwa juu kabisa katika orodha hiyo ni ya Oliver Lowry na wenzake, ya mwaka 1951, iliyotajwa zaidi ya mara 305,000. Haikutangaza ugunduzi uliotikisa dunia. Inaeleza namna ya kupima kiasi cha protini kwenye kimiminika. Kila aliyepima protini kwa njia hiyo aliitaja, na maabara zilizopima protini zilikuwa nyingi sana. Lowry mwenyewe aliandika baadaye kwamba anajua kweli si makala kubwa. Ile ya mwaka 1953 ya Watson na Crick kuhusu umbo la DNA, ambayo hata mwanafunzi wa sekondari anaisikia darasani, haimo hata katika 100 bora. Ugunduzi mkubwa ukishazoeleka huingia katika vitabu vya shule, na watu huacha kumtaja aliyeuleta. Mizani humpa zaidi aliyetengeneza chombo cha kazi.

Faharasa ya kwanza, na gari aina ya Ford

Aliyeanzisha mizani hii ni Eugene Garfield wa Philadelphia. Wazo alilitoa kwa mawakili: tangu 1873 wanasheria wa Marekani walikuwa na kitabu cha Shepard kilichowaonyesha kesi ipi imetajwa na kesi zipi za baadaye, ili wakili asiende mahakamani akitegemea hukumu iliyokwisha kutenguliwa. Garfield alipendekeza mwaka 1955 kwamba wanasayansi nao wawe na kitu hicho. Faharasa yake ya kwanza ilitoka mwaka 1964 ikiwa na vitabu vitano, majarida 613 na marejeo milioni 1.4. Lengo lilikuwa msomaji aweze kutafuta: ukiwa na makala moja nzuri ya zamani, uone nani ameendelea nayo. Kuwapima watu kwa hesabu hiyo kulikuja baadaye, na Garfield mwenyewe alionya mara nyingi kwamba isitumiwe ovyo kumhukumu mtu mmoja mmoja.

Majarida aliyoyapitia katika toleo hilo la kwanza yalikuwa ya mwaka 1961. Nimeusimamia mwaka huo kwa makusudi, kwa kuwa ndio mwaka lilipoondoka Kampala gari kuukuu aina ya Ford, la mwaka 1954, lililonunuliwa kwa pauni 250.

Ndani yake walikuwamo madaktari watatu. Denis Burkitt alikuwa mpasuaji wa hospitali ya Mulago, mtu wa jicho moja tangu utotoni. Cliff Nelson alikuwa daktari kutoka Kanada. Wa tatu alikuwa Ted Williams wa Kuluva, aliyefika West Nile mapema miaka ya 1940 na ambaye mikono yake ilikuwa hodari kwa spana kama kwa kisu cha upasuaji. Bila fundi wa namna hiyo gari lile lisingefika mbali.

Burkitt alikuwa ameona huko Mulago mwaka 1957 mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Baada ya muda mfupi aliona mwingine kama huyo Jinja. Alipochapisha maelezo yake katika jarida la wapasuaji wa Uingereza mwaka 1958, makala hiyo haikutikisa mtu. Leo ni miongoni mwa makala zinazotajwa zaidi kati ya zote zilizowahi kuandikwa kutokana na kazi ya hospitali ya Afrika Mashariki, na ugonjwa wenyewe unaitwa limfoma ya Burkitt.

Alichotaka mwaka 1961 ni kujua uvimbe huo unaishia wapi. Basi wakaendesha maili 10,000, kama kilomita 16,000, kwa wiki kumi, hadi Afrika Kusini na kurudi, wakipita karibu hospitali 60. Tanganyika ilipata uhuru wake katika wiki hizohizo. Kila hospitali waliuliza swali moja huku wakionyesha picha: je, mmewahi kuona watoto kama hawa? Majibu yalichora ramani. Uvimbe ulikuwapo penye joto na mvua, ukapotea katika nyanda za juu zenye baridi na katika nchi kavu. Alexander Haddow, mtaalamu wa mbu na virusi huko Entebbe, alipoiona ramani alitambua kwamba mpaka wa mwinuko kwa kweli ni mpaka wa joto, namna mbu wanavyogawanyika. Leo inaeleweka kwamba malaria ni moja ya sababu mbili kubwa za ugonjwa huo. Ya pili tunaifikia.

Kwa gharama ndogo na matokeo makubwa, sijaona utafiti wa kuushinda huu katika kanda yetu. Ungepimwa mwaka 1962 kwa kuhesabu marejeo, ungeonekana si kitu.

Kurasa mbili

Kabla ya safari hiyo, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Kijana mmoja mtafiti wa virusi, Anthony Epstein, alikuwa amekaa akisikiliza, na akatoka mle akiamini kwamba kuna kirusi nyuma ya uvimbe ule. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kimoja, cha tarehe 5 Desemba 1963, kilikwama kwa sababu ya ukungu na ndege ikaelekezwa Manchester. Kilipofika London maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyooza. Kumbe ule uchafu ulikuwa seli hai za uvimbe zilizojitenga na kuelea, na seli hizo ndizo zilizokubali kuota maabara.

Tarehe 28 Machi 1964 jarida la Lancet lilichapisha matokeo: kirusi cha kwanza cha binadamu kuhusishwa na saratani. Makala nzima ni kurasa mbili. Ikiwa kuna rekodi ya marejeo mengi kwa karatasi chache, hii haikosi kuwamo.

Waandishi ni watatu: Epstein, Achong na Barr. Bert Achong alitoka Trinidad, naye ndiye aliyekuwa bingwa wa hadubini ya elektroni. Lakini kirusi kinaitwa Epstein-Barr, kwa sababu seli zilizooteshwa zilibandikwa herufi za majina hayo mawili. Jina la Achong liko la pili katika makala, halimo katika kirusi. Nayataja haya kwa sababu wanaotaja makala hufanya hivyohivyo kila siku: makala yenye waandishi kumi hutajwa kwa jina la wa kwanza, na waliobaki huwa “na wenzake”.

Usingizi mrefu

Wanaochunguza marejeo wana jina la makala inayokaa miaka mingi bila kuguswa kisha ghafla ikatajwa na kila mtu. Wanaiita mrembo aliyelala. Nasema bila kusita kwamba Uganda ina warembo wawili wa kupigiwa mfano, na mmoja ni wa West Nile.

Mwezi Desemba 1937, huko Omogo katika wilaya ya West Nile, watafiti wa homa ya manjano walichukua damu ya mwanamke wa miaka 37 aliyekuwa na homa. Katika damu hiyo walipata kirusi kisichojulikana. Smithburn na wenzake walichapisha habari zake mwaka 1940 wakakiita kwa jina la wilaya. Kwa miongo kadhaa makala hiyo ilikuwa ya wachache wanaoshughulika na virusi vya mbu. Mwaka 1999 watu wakaanza kuugua ubongo New York na kunguru wakaanguka kutoka angani. Marekani ilihesabu wagonjwa 62 mwaka huo, na saba walikufa. Kirusi kilikuwa kile cha Omogo. Tangu hapo, anayeandika historia yake hurudi mwaka 1940, na jina la West Nile limeandikwa katika maelfu ya makala na watu ambao hawajawahi kuvuka daraja la Pakwach.

Mrembo wa pili ni Zika. Kirusi chake kilipatikana kwa kima wa uchunguzi aliyewekwa juu ya mti katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, Aprili 1947. Dick, Kitchen na Haddow, yuleyule Haddow aliyeisoma ramani ya Burkitt, walikichapisha mwaka 1952. Makala ikalala zaidi ya nusu karne. Tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura kwa sababu ya watoto waliokuwa wakizaliwa na vichwa vidogo Brazil, na marejeo ya makala ile yakapaa kama moshi wa nyasi.

Fikiria sasa kamati ya chuo ingekaa mwaka 1962 kumpima Haddow kwa marejeo ya makala hiyo ya Zika baada ya miaka kumi. Dirisha la kawaida la mizani nyingi ni miaka miwili hadi mitano. Zika ilihitaji 64.

Watoto 42,000

Nimefika kwenye rekodi iliyonifanya niandike.

Aliporudi Kuluva kutoka safari ya Ford, Ted Williams aliendelea na daftari lake. Kila mtoto wa West Nile aliyepatikana na uvimbe ule aliandikwa: umri, tarehe dalili zilipoanza, kijiji anachotoka. Kwa msingi wa daftari hilo, Malcolm Pike, Williams na Wright walionyesha mwaka 1967 kwamba wagonjwa waliokaa karibu waliugua pia karibu kwa wakati, kama ambavyo maradhi ya kuambukiza hufanya. Mwaka 1978 Williams na wenzake walichapisha hesabu ya miaka 15 kamili, 1961 hadi 1975. Miaka 15 ya kuandika kwa mkono bila kuruka, katika wilaya iliyopitia mapinduzi ya 1971 na yote yaliyofuata.

Kwa sababu daftari hilo lilikuwapo, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon liliichagua West Nile kwa jambo ambalo halikuwa limefanywa popote. Kati ya 1972 na 1974 walichukuliwa damu watoto 42,000 hivi, wote wazima, wengi wao wa miaka chini ya minane. Damu ikagandishwa. Kisha wakasubiri kuona nani ataugua. Ilipochapishwa taarifa katika Nature mwaka 1978, watoto 14 walikuwa wamepata limfoma ya Burkitt, na damu yao iliyochukuliwa wakiwa wazima ilionyesha kinga nyingi mno dhidi ya kirusi cha Epstein-Barr. Hatari ya kuugua kwa watoto wenye kiwango hicho ilikadiriwa kuwa mara 30 ya wenzao. Ndipo neno “kusababisha” lilipoanza kuandikwa bila woga.

Makala hiyo ya 1978 ina waandishi 11. Wa kwanza ni Guy de-Thé wa Lyon, na hutajwa kwa jina lake. Williams wa Kuluva yumo katikati, na Peter Tukei aliyekuwa taasisi ya virusi ya Entebbe yumo pia. Vita vya 1979 vilimaliza kazi, watu wa West Nile wakakimbilia Sudan na Zaire, na taarifa ya mwisho, yenye wagonjwa 16, ikachapishwa mwaka 1982.

Wasiokuwamo ni wengi kuliko waliomo. Machifu walioita mikutano. Wasaidizi waliozungumza Kilugbara, Kikakwa, Kialur na Kiswahili na kumshawishi mama amshike mtoto wake wakati sindano inaingia. Wauguzi wa Kuluva waliojaza daftari. Mama waliokubali, mara 42,000. Hakuna hifadhidata yenye safu ya kuandika mchango wao, na mimi sisemi kila mmoja awe mwandishi wa makala. Nasema kwamba tunapoiangalia namba ya marejeo ya kazi hiyo na kuiita thamani yake, tunapima kile kilichotoka Lyon na tunakiacha kilichotoka Kuluva.

Rekodi ya kinyume ipo, na inanipa furaha. Makala ya mwaka 1985 katika Lancet iliyoujulisha ulimwengu ugonjwa wa Slim, yaani UKIMWI, kule kusini mwa Uganda, jina lake la kwanza ni David Serwadda, na Nelson Sewankambo yumo. Hapo Wazungu nao walikuwa miongoni mwa “na wenzake”.

Mizani inapodanganywa

Mizani yenye thamani huvutia wenye mikono mirefu. Mwaka 2010 Cyril Labbé wa Grenoble alimtengeneza mwanasayansi asiyekuwapo, Ike Antkare, kwa makala zilizoandikwa na programu ya kompyuta na kutajana zenyewe kwa zenyewe. Google Scholar ikampa kipimo cha h cha 94, akampita Einstein. Kipimo hicho, alichokibuni Jorge Hirsch mwaka 2005, ni rahisi: ukiwa na h ya 20, una makala 20 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 20. Mwaka 2024 watafiti wawili wakampandisha paka aitwaye Larry hadi marejeo 132 na h ya 11, kuonyesha kwamba marejeo yananunuliwa na wauzaji wapo.

Mfano ulioniuma ni wa bara letu. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Alexandria kilipangwa nafasi ya 147 duniani, na kwa marejeo pekee kilikuwa cha 4, mbele ya Harvard. Ilionekana kwamba sababu ni wingi wa makala za mtu mmoja katika jarida moja, na mtu huyo alikuwa mhariri wa jarida hilo. Waliofanya kazi halali katika chuo hicho walibaki na doa ambalo si lao.

Na kuna kasoro isiyo na mdanganyifu yeyote. Makala ileile huwa na idadi tatu tofauti katika hifadhidata tatu. Iliyochapishwa katika jarida la hapa lisiloorodheshwa huhesabiwa sifuri hata kama kila daktari wa wilaya anaifuata kutibu. Tangu Tamko la San Francisco la 2012, maelfu ya taasisi duniani zimetia sahihi kwamba hazitampima mtu kwa jarida alimochapisha.

Muni, chuo kikuu cha serikali kilichoko Arua, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2013. Wahadhiri wake vijana wataishi chini ya mizani hii maisha yao yote. Mnaokaa katika kamati za kupandisha vyeo, hapo na kwingineko: namba iwepo mezani, lakini isomwe makala yenyewe, na liulizwe swali la pili, nani alikusanya takwimu na jina lake liko wapi.

Kati ya 2010 na 2016 utafiti mwingine mkubwa wa limfoma ya Burkitt ulifanyika Uganda, Tanzania na Kenya, ukisimamiwa na Mganda, Sam Mbulaiteye. Kuluva ilikuwa mojawapo ya hospitali zilizoandikisha watoto. Walirudi palepale kwa kuwa palikuwa na historia iliyoandikwa.

Kwa hiyo wewe unayetunza stoo ya hospitali ya misheni, au ya wilaya, yenye madaftari ya wagonjwa ya miaka ya 1950, 1960 na 1970: usiyachome, wala usiwape wafunga karanga. Yatoe kwenye unyevu, yaweke mbali na mchwa, yafunge yasionwe na kila mpita njia kwa maana yana siri za watu, kisha mwite mtu wa Muni, Gulu au Makerere aje ayaone.